Mwisho wa reli: gonjwa la dunia linavyoingia jikoni kwetu (sehemu ya 4)



Hii ni sehemu ya nne ya hadithi zangu za magonjwa na mji wetu. Nilikuwa nimepanga kuandika mambo mengine kabisa, lakini Jumanne, kwenye benchi la kliniki hapa Rusimbi, binti mmoja mwenye mtoto wa miezi minne aliniuliza: "Dada nesi, likija gonjwa jingine kama corona, mimi niweke nini ndani?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akamwambia, "Weka barakoa." Mimi sikucheka. Nilimwambia, mwanangu, jibu lako ni refu, litabidi nikuandikie. Basi ndilo hili. Chemsha chai, mlaze mtoto, tuanze.

Kwanza tukumbushane, maana watu tunasahau haraka. Machi 2020. Tarehe 16 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa corona Tanzania amepatikana Arusha. Kesho yake tu Waziri Mkuu akatangaza shule zifungwe. Arusha na Kigoma ni nchi nzima katikati. Hapa Rusimbi hakuna mtu aliyekuwa anakohoa kuliko kawaida. Lakini niulize mimi nani alikuwa wa kwanza kuumia mtaani kwetu, nitakwambia: ni mama aliyekuwa anauza maandazi na uji getini kwa shule. Siku shule zilipofungwa, ndoo yake ya maandazi ilirudi nyumbani imejaa. Hakuwa na virusi wala homa, ila ndani ya siku mbili hakuwa na mtaji.

Wa pili walikuwa walimu wa shule binafsi, maana ada zikisimama na mshahara unasimama. Halafu wakafuata wa Kibirizi. Kongo ilifunga mipaka yake mwezi huohuo wa Machi, na mnajua nusu ya uhai wa Kibirizi ni watu wa ng'ambo. Wanakuja na vitenge na mawese, wanaondoka na mchele, unga, sabuni, mabeseni. Sisi hatukufungiwa ndani kama majirani zetu wa Rwanda na Uganda. Masoko yetu yalikuwa wazi, misikiti na makanisa wazi. Lakini soko lina kazi gani kama mnunuzi hayupo? Kwa hesabu za serikali yenyewe uchumi wa nchi ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka ule, kutoka karibu asilimia 7 mwaka uliotangulia. Ukiisoma Dodoma hiyo ni namba kwenye karatasi. Huku kwetu iliitwa "leo tunakunywa chai ya rangi", na baadaye hata hiyo chai ikakosa sukari, kwa sababu Aprili sukari iliadimika nchi nzima, bei ikapaa mpaka serikali ikatoa bei elekezi kwa kila mkoa.

Ndiyo maana nasema gonjwa la dunia huingia nyumbani kwa mlango wa jikoni kabla halijafika wodini. Na kwetu sisi wa mwisho wa reli mlango huo uko wazi zaidi kuliko wa wengine. Tunaimba "Kigoma mwisho wa reli" kwa fahari, na mimi naimba pia, lakini mwisho wa reli maana yake ni kwamba kitu kikikwama popote njiani, sisi ndio tunakikosa. Ziwa likifungwa upande ule na reli ikikwama upande huu, tunabaki na kilichomo ndani.

Sasa turudi nyuma miaka mia na kitu. Msikimbie, hii ni hadithi ya bibi wa bibi zenu.

Reli ilifika Kigoma Februari 1914. Wajerumani walikuwa na furaha kubwa, bandari inajengwa, meli kubwa inaungwa hapahapa ufukweni vipande kwa vipande (ile tunayoiita Liemba, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen). Miezi sita baadaye vita ikaanza Ulaya na ikatufuata mpaka huku. Julai 1916 Wajerumani walijaza meli yao mchanga wakaizamisha wenyewe ili isichukuliwe, wakaondoka, na Wabelgiji wakaingia Kigoma kutoka Kongo. Wakakaa mpaka 1921, ndipo Waingereza wakapokea. Ndani ya miaka saba, mji huu ulikuwa na mabwana watatu.

Mfikirie mama wa Ujiji wa wakati ule. Mume kachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na wapagazi wa vita ile walihesabiwa kwa malaki, wengi hawakurudi. Chakula kinachukuliwa na majeshi yanayopita. Kule Ugogo, kwenye njia hiyohiyo ya reli, njaa iliyoanza 1917 ikaitwa Mtunya, na wazee wa Dodoma wanaitaja mpaka leo. Majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka, vijana wamechukuliwa upagazi, kisha mvua ikakataa.

Na pesa je? Hapa ndipo huwa nasimama kidogo, kwa sababu akina mama wengi mnaniambia "mimi naweka hela tu, hela inatosha." Wakati wa vita ile Wajerumani walikatikiwa na mawasiliano na kwao, wakaanza kuchapa noti harakaharaka Dar es Salaam, na mwaka 1916 kwenye karakana ya reli Tabora wakagonga sarafu, za shaba mpaka za dhahabu za rupia 15. Utawala ulipobadilika zile noti za karatasi zikapoteza thamani. Aliyekuwa amezikunja vizuri akaziweka kwenye mkoba wa ukili chini ya kitanda alibaki na karatasi. Halafu nchi ikapitia rupia, ikagusa florini muda mfupi, mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaja shilingi. Kila mabadiliko yalimla mtu wa senti ndogondogo, yaani mimi na wewe.

Katika hali hiyo ndipo mafua yalipoingia.

Dunia inayaita mafua ya 1918. Yaliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50 duniani. Afrika Mashariki yaliingia kwa meli kwenye bandari za pwani miezi ya mwisho ya 1918, na kutoka kusini yakapanda na reli na njia za majeshi. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, yule jenerali wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, akasalimu amri Abercorn, leo Mbala, Zambia, kusini kabisa mwa ziwa letu. Watu wake wakatembea mpaka Kasanga, wakapandishwa meli, na mwanzoni mwa Desemba wakashushwa hapa Kigoma. Kisha treni, Tabora. Na mafua yalikuwa safarini pamoja nao. Askari waliopona risasi miaka minne walikufa kwa mafua Tabora kabla hawajafika kwao.

Iweke ile picha akilini: meli, gati la Kigoma, treni. Njia iliyoleta chumvi na nguo ndiyo iliyoleta ugonjwa, na ndiyo ambayo ugonjwa ukishaingia husimama kwanza.

Kwa Tanganyika yote, wanahistoria wanakadiria waliokufa kwa mafua yale ni kati ya 50,000 na 80,000. Kama nesi, kinachoniuma zaidi ni nani walikufa. Mafua ya kawaida huchukua wazee na vichanga. Yale yalichukua sana watu wa miaka 20 mpaka 40, wenye nguvu, na wajawazito walikufa kwa wingi wa kutisha kila mahali yalipopimwa. Sasa angalia kalenda. Novemba na Desemba huku kwetu ni mwezi wa jembe, mvua imeshika. Mwenye nguvu ya kulima yuko mkekani anatetemeka, au anazikwa. Kisichopandwa Novemba hakiliwi Mei. Kwa hiyo mafua yenyewe hupita kwenye kijiji kwa wiki chache, lakini shimo lake kwenye ghala linabaki mwaka mzima.

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa binti yangu wa kliniki. Usijiandae kwa wiki za ugonjwa peke yake. Jiandae kwa miezi inayofuata, watu wakishaacha kuuongelea.

Kuna hadithi nyingine ya Ujiji fupi, nayo ni ya zamani zaidi. Mnaijua ya Livingstone na Stanley chini ya mwembe, tumefundishwa wote. Ambacho shuleni hawakukisisitiza ni hali aliyokuwa nayo yule mzee. Kipindupindu kilikuwa kimeipiga Unguja mwaka 1869 na 1870, kikaua maelfu, na misafara ya kuja bara ikavurugika. Mizigo yake iliyofika Ujiji iliachwa mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo akaiuza yote. Oktoba 1871 Livingstone anaingia Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa, amekonda, anakuta hana kitu. Kilichomnusuru mpaka Stanley alipofika ni vitambaa na shanga kidogo alizokuwa amejiwekea pembeni. Pesa ya soko la Ujiji siku hizo ilikuwa ndiyo hiyo, shanga na vitambaa.

Nikimhadithia mama yangu hii alicheka, akasema, "Kwa hiyo mzungu naye aliweka hela kwa mtu mmoja." Ndiyo, mama. Na mimi pia niliweka kwa mtu mmoja.

Nitawaambia, ingawa ni aibu. Mwaka 2020 nilikuwa kwenye kikoba cha wanawake ishirini na kitu, tunaweka kila wiki, tunakopeshana, Desemba tunavunja. Akiba yangu yote ilikuwa humo, hata ya ada ya mtoto. Aprili, wanachama wanaofanya biashara ya ng'ambo wakashindwa kurejesha. Siwalaumu, mzigo wao ulikuwa umekwama. Mei wengine wakaacha kuja kwenye kikao. Kufika Julai, shule zimefunguliwa tangu mwisho wa Juni, mtoto anadaiwa, na sanduku letu la kufuli tatu lina karatasi za majina ya wadaiwa. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, halafu nikamwona mwenzangu wa zamu, analipwa kama mimi, ana watoto wengi kuliko mimi, ametulia. Yeye alikuwa kwenye kikoba hichohicho. Lakini pia alikuwa na kuku, na debe mbili za dagaa kavu, na hela kidogo kwenye simu ambayo hakumwambia mtu. Kikoba kilipokwama kwake kilikwama theluthi, kwangu kilikwama chote.

Sisemi vikoba ni vibaya. Nimerudi, niko kwenye kingine sasa. Nasema watu wote ishirini wakiwa wanategemea boti ileile, boti ikisimama mnaanguka wote pamoja. Kikoba chetu cha sasa tumechanganya makusudi: muuza dagaa, fundi cherehani, mkulima wa kutoka Mwandiga, mwalimu, mimi. Na kuna mfuko wa jamii tumeutenga, haukopeshwi hata mtu akipiga magoti. Ni wa msiba na hospitali tu.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nadhani sisi wa ziwani tunakijua kuliko watu wa mjini wanaotufundisha semina. Mbalamwezi.

Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapumzika siku nyingi kila mwezi. Kwa hiyo nyumba ya mvuvi wa Katonga au Kibirizi ina njaa ndogo iliyopangwa kwenye kalenda, kila mwezi, mwaka mzima, tangu enzi za mababu. Mama mwenye akili wa ufukweni anajua: giza likiwepo, hela ipo, na hiyo hela si ya leo. Anaanika dagaa, anaficha unga, analipa deni la dukani kabla mwezi haujajaa ili akope tena kwa heshima. Bibi yangu alikuwa na kopo la maziwa ya unga lisilo na maziwa, aliliita "kopo la mwezi". Giza likija anatia sarafu, mwezi ukija anatoa. Siku moja nilimwibia shilingi kadhaa za pipi nikachapwa nikakumbuka mpaka leo.

Corona ilikuwa mbalamwezi ndefu ambayo hakuna aliyejua itaisha lini. Tofauti ni hiyo tu.

Na mwaka 2024 tukapewa mtihani wa kati. Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu, ili samaki wazaliane. Ilitangazwa mapema. Mlionifuata wakati ule mnakumbuka kelele zilivyokuwa. Nilikuwa naandika uzito wa watoto kila siku, na niliyoyaona kwenye mizani yangu ndogo sitayatia chumvi niyaite utafiti. Lakini niliona hivi: nyumba zilizokuwa zimeanika dagaa na kuwa na shamba la muhogo, hata kama ni nusu eka la kuazima, watoto wao waliendelea kupanda kwenye mstari wa kijani. Nyumba zilizouza nyavu au injini mwezi wa kwanza ili wale vizuri, mwezi wa nne, uvuvi ulipofunguliwa, hazikuwa na cha kurudi nacho ziwani. Walikuwa vibarua kwenye mitumbwi waliyoimiliki mwezi wa tano.

Kwa hiyo mwanangu, cherehani usiuze. Jiko lako la maandazi usiuze. Uza kitenge, uza redio, uza hata kabati la vyombo, lakini kinachokuingizia hela kiwe cha mwisho kabisa kutoka mlangoni.

Chakula. Muhogo umewabeba watu wa mkoa huu kwenye shida nyingi kwa sababu unakaa ardhini ukikungoja. Wakati wa Waingereza watu walilazimishwa kuupanda kama akiba ya njaa, na wazee waliuchukia kwa kulazimishwa huko, ila wakala. Mimi ni mtu wa ugali wa muhogo na migebuka, msiniambie kitu. Lakini hapa lazima nivae sare yangu ya kazi. Mwaka 1985, Tarime, mkoa wa Mara, kwenye ukame, watu walikuwa na njaa na muhogo mchungu. Badala ya kuuandaa kwa siku zote zinazotakiwa, wakafupisha, maana mtoto analia leo. Watu kadhaa, zaidi wanawake na watoto, waliamka miguu imepooza. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na miguu hairudi. Sumu iliyomo kwenye muhogo mchungu hutolewa kwa kuumenya, kuuloweka siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kisha kuanika mpaka ukauke kabisa. Njaa ndiyo wakati tunaposhawishika kufupisha, na ndiyo wakati mwili wenye upungufu wa dagaa, maharage na mayai unashindwa kupambana na ile sumu. Ukiwa na muhogo mkavu ulioandaliwa tayari kabla ya shida, hutalazimika kukimbizana na siku. Ndiyo maana ya akiba ya muhogo: inakununulia siku tatu za kuloweka.

Chumvi tunayo jirani, Uvinza, watu wameichemsha huko na kuifanyia biashara kwa karne nyingi, tangu kabla ya Mwarabu na Mzungu. Hakikisha tu unayonunua ina madini joto, hasa ukiwa mjamzito. Sabuni, waulizeni mama zenu walioishi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walivyopanga foleni ya kipande cha sabuni na kukikosa. Huku kwetu walau kulikuwa na mawese, na wanaojua walitengeneza ya kwao. Kama kuna bibi mtaani kwako anayejua kupika sabuni ya mawese, nenda ukakae naye siku moja. Usisubiri msiba wake.

Na maji. Mei 2015, wenzetu wa Burundi walipokimbia, makumi ya maelfu walijaa Kagunga, kijiji cha wavuvi kati ya mlima na ziwa, hakuna vyoo vya kutosha, maji ni ya ziwani. Kipindupindu kikaingia, watu maelfu wakaugua na zaidi ya 30 wakafa ndani ya wiki chache. Liemba ileile iliyozamishwa 1916, ikafufuliwa, ikarudi kazini 1927, ndiyo iliyokuwa inawaleta watu Kigoma safari baada ya safari, na uwanja wetu wa Lake Tanganyika ukawa mahali pa kupumzikia kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Walioingia chumba chetu siku hizo, mtoto wa kuhara akifika mapema na chumvichumvi mdomoni, alipona. Pakiti mbili za chumvichumvi na vidonge vya zinki ndani ya nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano vinagharimu kidogo kuliko nauli ya bodaboda ya usiku. Viweke juu, pakavu, na usivigawe vikaisha bila kununua vingine.

Sasa kile kilichonifanya niandike usiku huu badala ya kulala.

Mwaka 2020 benchi letu la kliniki lilikonda. Mama wengine waliogopa kuambukizwa. Wengi zaidi, nilipowafuata mtaani, waliniambia kitu kingine: "Dada, sina nauli." Au, "Sina kanga ya kuvaa mbele za watu." Au mume kasema kliniki tutaenda mambo yakikaa sawa. Mama mmoja, mimba ya nne, alikuwa hajaja tangu mwezi wa tatu. Alifika mwezi wa saba, uso umevimba, presha iko juu sana, anaona nyota. Tulimpa rufaa, akapona, mtoto hakupona. Huyo mtoto hayumo kwenye hesabu yoyote ya corona ya dunia hii. Mama yake hakuwa na corona. Alikosa shilingi elfu mbili ya kwenda na kurudi, mara nne.

Ng'ambo yetu hapo Kongo, mwaka 2019 dunia nzima ilikuwa inaangalia Ebola, na ilistahili kuangaliwa, iliua zaidi ya watu 2,000 kule Kivu na Ituri. Mwaka huohuo surua, ugonjwa wenye chanjo ya siku zote, iliua zaidi ya 6,000 Kongo, wengi wao watoto wadogo. Gonjwa kubwa likiwa na kelele, yale madogo ya zamani hupita nyuma yake.

Kwa hiyo, binti yangu uliyeniuliza, kama unataka kuanza na kitu kimoja kabla ya dagaa na muhogo, anza na bahasha. Andika juu yake "kliniki". Hesabu ziara zilizobaki mpaka mtoto amalize chanjo, weka nauli ya kila ziara, kidogokidogo, ya giza si ya mwezi. Mjamzito aweke na ya usiku mmoja wa dharura, na amtafute bodaboda mmoja anayemwamini amwambie mapema, "Mwezi fulani nitakupigia saa yoyote." Bima nayo tuiongelee tena kwenye vikao, maana miaka ile ya corona CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima, na nyumba nyingi hapa zilisema ni ghali, kisha zikalipa zaidi ya hapo kwa malaria mbili.

Na kunyonyesha. Hela ikikosekana kuna mama anaanza kumpa mtoto wa miezi miwili maziwa ya unga yaliyozimuliwa na maji mengi ili kopo lifike mwisho wa mwezi, kwa sababu anaamini yeye hali vizuri basi maziwa yake hayana nguvu. Maziwa yako yana nguvu. Mpaka miezi sita hahitaji hata maji. Chakula kidogo kilichopo, kipe mwili wako wewe unayenyonyesha, na baba anayesoma hapa aelewe hiyo si upendeleo.

Wengine mtaniuliza, je, gonjwa jingine litakuja lini? Ujiji ilipata kipindupindu cha misafara, Kigoma ikapata mafua ya meli na treni, sisi tukapata corona. Reli mpya inajengwa, bandari inapanuliwa, boti za Kalemie na Bujumbura zinaongezeka. Mimi nafurahi, nimechoka kusafiri siku mbili. Lakini kila njia inayofunguliwa ni ya pande zote mbili.

Leo mwezi wa kumi na mbili usiku, mmetoka nje mmeuona? Mitumbwi imepumzika. Jumatano tunachanja watoto kuanzia saa mbili asubuhi, njooni na kadi. Aliyepoteza kadi aje hivyohivyo, tutamwandikia nyingine, hakuna wa kumgombeza. Na yule mama wa maandazi wa 2020 yupo, amerudi getini kwa shule, maandazi yake bado ni mia mbili. Sehemu ya tano nitawaletea hadithi yake mwenyewe, ameniruhusu, ila amesema nisiweke picha.